Mzee wa Ukerewe Aliyengoja Miaka 35



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya batobato, ugonjwa wa mihogo. Mwezi huu tuiache mihogo shambani. Tuzungumze juu ya mtu.

Wako wenzetu ambao mwaka mmoja mbaya huwavunja moyo kabisa. Pamba inakataa. Mtoto anaugua. Nyumba inaingiwa na maneno. Basi mtu anaacha jembe, anaacha darasa, anaacha hata kumsalimu jirani. Watu hao nawakuta kila ninapotembelea vijiji. Leo nawaandikia wao.

Ukitoka Mwanza kwa meli, baada ya saa 3 hivi unafika Nansio, katika Kisiwa cha Ukerewe. Katika kisiwa hicho aliishi Mzee Aniceti Kitereza. Alizaliwa mwaka 1896, katika ukoo wa watawala wa Ukerewe. Alisoma shule ya misheni ya Kagunguli. Kisha alikwenda seminari ya Rubya, ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Wahaya. Huko alisoma Kilatini na lugha nyingine.

Mwaka 1919 alimwoa Bibi Anna Katura. Walipata watoto, lakini watoto hao walifariki. Hawakubaki na hata mmoja. Wewe unajua mambo yanavyokuwa katika vijiji vyetu. Mtu asiye na mtoto husemwa kisimani, husemwa kilabuni. Mume huambiwa, "Oa mwingine." Kitereza hakuoa mwingine. Alikaa na Anna mpaka wakazeeka pamoja.

Je, alifanya nini na huzuni yake? Aliandika. Aliandika kitabu kikubwa kwa lugha ya Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945. Kitabu hicho ni hadithi ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka. Watu hawa hawana mtoto. Ndugu za mume wanamtukana mke. Wazazi wa mke wanakasirika, wanamchukua binti yao. Myombekere anabaki peke yake. Lakini hanyamazi, wala hatafuti mke mwingine. Anakwenda ukweni kumwomba mkewe. Anaambiwa alete pombe ya ndizi, na nyingi. Anahangaika mpaka anaipata. Bugonoka anarudi. Baadaye wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na wa kike, Bulihwali.

Tazama jambo hilo, ndugu msomaji. Mtu aliyefiwa na watoto aliwapa watu wa hadithi yake watoto ambao yeye hakubaki nao. Wala hakujaza kitabu malalamiko yake. Alikijaza mambo ya Wakerewe: jinsi walivyolima, walivyovua, walivyotibu wagonjwa na walivyooana. Hakutaka mambo hayo yasahauliwe. Mtu asiye na mtoto wa kumrithisha alijitafutia warithi kwa kalamu.

Lakini taabu haikuishia hapo. Kitabu hakikuchapwa. Padri mmoja rafiki yake alijaribu kumsaidia, haikuwezekana. Wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache. Miaka ikapita. Uhuru ukaja mwaka 1961, kitabu bado kimelala. Ndipo Kitereza, akiwa mzee, akakifasiri chote yeye mwenyewe kwa Kiswahili. Fikiri kazi hiyo! Mtu amelima shamba la ekari nyingi, anaambiwa alilime upya. Hatimaye Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilikitoa mwaka 1980. Mwaka 1981 Mzee Kitereza alifariki, kabla nakala za kitabu hazijamfikia mkononi.

Wako wanaosema taabu ni nzuri kwa sababu inamkomaza mtu. Mimi sikubali. Kufiwa si kuzuri. Ukame si mzuri. Mvua ikikosekana, shamba la mwenye busara hukauka na la mpumbavu hukauka vilevile. Tofauti huonekana baadaye. Mmoja hukaa chini ya mwembe akihesabu hasara. Mwingine huenda kwa jirani kuomba mbegu ya mtama, akaanza upya na nusu ekari. Imani ya Kitereza niliiona hapo. Aliomba Mungu, tena aliamka akashika kalamu.

Kuhusu mtoto, niseme wazi. Mkikosa mtoto, msimfukuze mwanamke. Kasoro inaweza kuwa kwa mume, inaweza kuwa kwa mke, inaweza kuwa kwa wote wawili. Nendeni hospitali pamoja mkapimwe wote. Mwanamume anayempeleka mkewe halafu yeye akakaa nyumbani amefanya nusu ya kazi.

Na wewe uliyejifunza kusoma, nunua daftari moja. Jioni, kazi ikiisha, andika mistari 3 au 4. Andika lililokuumiza siku hiyo. Andika pia siku mvua ilipoanza, na mbegu uliyopanda. Usiogope makosa ya herufi. Ukiwa na jambo zito, usilibebe peke yako: mwendee mzee unayemwamini, au padri, au shehe, au mchungaji wako.

Kitabu cha Mzee Kitereza ni kinene. Kiulizie maktaba. Usikimbilie kukimaliza. Soma kurasa 2 kwa siku, tena kwa sauti, ili wa nyumbani wasikie. Ukikuta jina la mti au la samaki usilolijua, muulize mzee wa Kikerewe. Hapa Mwanza wako wengi, na watafurahi kuulizwa.