Warudishieni watoto dakika zao 75

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka wa 2015 zinaeleza waziwazi jinsi siku ya mwanafunzi wa shule ya kutwa inavyopasa kugawanywa. Masomo ya darasani ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa u nusu alasiri. Kutoka hapo hadi saa kumi na dakika arobaini na tano, mtoto ametengewa shughuli za nje ya masomo: michezo, vyama vya wanafunzi, sanaa na mambo kama hayo. Hizo ni dakika 75 kila siku. Kwa juma zima, saa sita na robo. Ningependa kuwauliza walimu wenzangu wa Eldoret, bila ya kumkusudia yeyote: dakika hizo huenda wapi?

Pita katika mitaa ya Langas, Huruma, Kapsoya au Kimumu mwendo wa saa kumi na utasikia jibu kabla ya kuliona. Ni sauti za watoto wakikariri. Masomo ya ziada yamemeza jioni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 ilipiga marufuku masomo ya wakati wa likizo, nasi tukajipongeza kuwa tumemwokoa mtoto. Kumbe kilichofukuzwa mlangoni kiliingilia dirishani, kikaketi kwenye kiti kilichoandaliwa mchezo.

Hata hivyo, kosa haliko jioni pekee. Linaanzia asubuhi, katika chekechea. Mtaala wa Umilisi, ambao ulianza kutekelezwa nchini kote Januari 2019, unataka mtoto wa miaka minne au mitano ajifunze kwa kucheza. Lakini nenda ukatazame daftari la mtoto wa PP1. Utakuta kurasa zilizojaa herufi na hesabu za kujumlisha, na alama za kalamu nyekundu juu yake. Mzazi hulifungua daftari hilo jioni, na likiwa tupu, hunung'unika kwamba karo yake inaliwa bure. Mwalimu naye, kwa kuchelea kumpoteza mtoto huyo aendaye shule jirani, huamua kumjazia. Mazoea haya ni urithi wa enzi za 8-4-4, ambapo mtoto wa chekechea alifanyiwa mtihani ili akubaliwe katika darasa la kwanza. Mitihani ya namna hiyo imekwisha kuwekewa mipaka na sheria, lakini hofu iliyoizaa ingali hai.

Yafaa basi tuulize mchezo ni nini hasa, maana wengi wetu hulitamka neno hilo kana kwamba ni kinyume cha kazi. Mtazame mtoto aliyeachiwa mchanga, maji na mikebe mitatu ya ukubwa tofauti. Anamimina kutoka mkebe mrefu mwembamba kwenda kwenye mfupi mpana. Anashangaa kwamba maji hayakumwagika. Anarudia. Anarudia tena, mara kumi, bila ya kuambiwa na mtu. Huyo yumo katika kupima ujazo, na hakuna ubao utakaomfundisha vyema zaidi. Watoto wanaocheza kalongolongo hugawana unga wa udongo sawasawa, na asiyeridhika na fungu lake hupiga kelele hadi ligawanywe upya. Hiyo ni hesabu ya mgawanyo, tena yenye mahakama yake. Na yule aliyetengeneza gari la waya akalifunga magurudumu ya vifuniko vya soda anajua, kabla ya kulisikia neno ekseli, kwamba gurudumu likibana sana halizunguki na likilegea sana linatoka. Mtoto wa namna hii tunamwita ndani, tunamkalisha, tunamwambia aandike herufi "a" mara hamsini.

Wapo watakaosema haya ni maneno ya vitabu vya Ulaya. La hasha. Katika miaka ya themanini, mjini Mombasa, wazazi wa Kiislamu walitaka watoto wao wapate msingi wa shule bila ya kupoteza dini yao. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, shule za chekechea za madrasa zikaanzishwa, baadaye zikaenea Zanzibar na Uganda. Walimu walikuwa kina mama wa mitaa hiyohiyo, waliofunzwa kazi. Vifaa vilikuwa makuti, vifuu vya nazi, maboksi na vitambaa. Watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walipowafuatilia watoto katika nchi hizo tatu na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2008, walikuta kwamba watoto wa shule hizo walikua kiakili zaidi ya wenzao wa chekechea nyinginezo, na waliokwenda chekechea yoyote waliwapita waliobaki nyumbani. Ikiwa vifuu vya nazi viliweza kufanya hivyo Mombasa, magunzi ya mahindi ya Uasin Gishu yana kasoro gani?

Nageukia sasa zile dakika 75 za jioni, kwani hapo ndipo mchezo wa chekechea unapopaswa kukua na kuwa sayansi. Hili pia si geni katika Afrika Mashariki. Katika miaka ya sitini kulikuwa na Mpango wa Sayansi kwa Shule za Msingi za Afrika, ulioendeshwa katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Mmoja wa waalimu wake, Mholanzi Jos Elstgeest, aliyefanya kazi Tanzania, aliwafundisha watoto kumchunguza yule mdudu mdogo achimbaye shimo lenye umbo la faneli katika vumbi kavu ili kunasa sisimizi. Mtoto akiuliza mdudu huyo anakula nini, au ataelekea wapi akitolewa shimoni, mwalimu hakumjibu. Alimwambia akamuulize mdudu mwenyewe. Maana yake, ajaribu aone.

Baadaye Eleanor Duckworth, mwanafunzi wa Piaget, alikuja Kenya kuupima mpango huo. Angeweza kuwapa watoto karatasi ya maswali. Badala yake aliwawekea vifaa chumbani, akawaacha wafanye wapendavyo, kisha akatazama wangebuni nini. Waliokuwa wamepitia mpango huo walikuwa na mawazo mengi zaidi, ya aina nyingi zaidi, na waliyafuata kwa kina zaidi ya wenzao. Mimi huona kwamba kipimo hicho ndicho mtihani wa haki kuliko yote iliyopata kutungwa kwa mtoto wa Kenya, na ni ajabu kwamba kimesahauliwa hapa kilipofanyiwa kazi.

Nasikia mwalimu mkuu akiniambia shule yake haina maabara. Nakubali kwamba shule nyingi za sekondari msingi zinafundisha Sayansi Jumuishi bila ya chumba hata kimoja chenye mfereji. Jambo hilo ni aibu ya serikali wala si ya mwalimu. Lakini chama cha sayansi cha jioni hakihitaji maabara ili kianze. Eldoret imekaa kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo maji yetu huchemka yakifikia kama nyuzi 93 tu, ilhali Mombasa huchemka kwa nyuzi 100. Kila mama wa hapa anajua kuwa maharagwe huchukua muda mrefu. Ni watoto wangapi wamewahi kuulizwa sababu yake? Wanariadha wa dunia nzima huja hapa na Iten kufuata hewa hii nyepesi. Waacheni watoto wahesabu mapigo ya mioyo yao kwa dakika moja, wazunguke uwanja, wahesabu tena, wachore grafu. Mvua zetu za alasiri, ambazo huwafungia ndani, zinaweza kupimwa kwa chupa ya plastiki iliyokatwa na rula. Mto Sosiani unapita katikati ya jiji; chota maji juu ya mji na chini ya mji, yaache yatulie katika chupa mbili zinazofanana, na swali litajiuliza lenyewe.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la fedha, nami sitalipitia juujuu. Mwalimu anayefundisha masomo ya ziada mara nyingi hulipwa kwayo, na mshahara wake bila ya nyongeza hiyo haumfikishi mwisho wa mwezi. Tangu Katiba ya 2010 ielekeze elimu ya chekechea kwa serikali za kaunti, mwalimu wa mtoto mdogo kabisa amekuwa mwajiriwa wa kaunti, na malalamiko kuhusu mikataba na malipo yake yamesikika kote nchini. Haiwezekani kumwambia mtu huyo aache kipato kwa jina la falsafa. Ninachosema ni kwamba wazazi tayari wanalipa. Ada ileile inayonunua kukariri inaweza kumlipa mwalimu huyohuyo asimamie chama cha sayansi, naye akatoka hapo hajachoka kwa kusahihisha. Kaunti nayo, ambayo makao yake yamekuwa jiji tangu Agosti 15, 2024, haiwezi kujivunia hadhi hiyo huku mwalimu wa chekechea akiishi kwa ahadi.

Wako pia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi, cha Chuo Kikuu cha Eldoret na wa vyuo vya ualimu, ambao kila mwaka hutafuta shule za kufanyia mazoezi. Mwanafunzi wa fizikia akijitolea jioni mbili kwa juma katika shule ya msingi ya mtaani kwake, atajifunza kuhusu watoto mambo ambayo mhadhiri hawezi kumpa.

Muhula ujao utakapokaribia, ratiba zitachapwa na kubandikwa ukutani. Nawaomba walimu wakuu wa Eldoret waitazame safu ya saa tisa u nusu kabla ya kuitia sahihi, na nawaomba wazazi waiombe nakala yake.