Kabla ya nyaya za meno, tazama fizi

Mzazi anayempeleka mwanawe kufungwa nyaya za meno aghalabu huwa na maswali mawili: zitagharimu pesa ngapi, na zitatolewa lini? Hayo ni maswali ya haki. Lakini liko la tatu ambalo huulizwa kwa nadra, nalo ndilo huamua iwapo pesa hizo zitaleta faida au hasara. Je, fizi za mtoto huyu zi katika hali gani, na ni nani atakayehakikisha kwamba kinywa chake ni safi muda wote wa nyaya?

Mimi nililijua swali hilo nikiwa nimechelewa. Mpwa wangu alifungwa nyaya akiwa na umri wa miaka 14, siku chache tu kabla ya kurudi shule ya bweni. Alipokuja likizoni, fizi zake zilikuwa nyekundu na zimevimba hadi kufunika ukingo wa vile vifungo vya chuma. Kila alipopiga mswaki alitema damu. Tulipomuuliza, alitujibu bila wasiwasi kwamba shuleni kila mwenye nyaya hutokwa na damu, kwa hivyo hiyo ni kawaida. Nasi watu wazima tukamwamini.

Msomaji, hiyo si kawaida. Fizi zenye afya hazitoki damu kwa kupigwa mswaki, ziwe na nyaya au zisiwe nazo.

Vinywa vya binadamu ni makao ya bakteria. Wataalamu wamekwisha kutambua zaidi ya aina 700. Wengi wao hawatudhuru iwapo wataondolewa kila siku kwa mswaki kabla ya kujikusanya. Shida huanza wanapopata maficho. Kifungo kilichogandishwa juu ya jino, waya unaopita hapo na mipira midogo inayoushika huacha pembe na mianya ambayo mswaki haifikii kwa urahisi. Chakula hukwama humo, na ule utando laini tunaouita ukoga hujijenga siku baada ya siku.

Ukoga huo huleta madhara ya namna mbili. Kwanza ni kwa jino lenyewe. Bakteria kama Streptococcus mutans hula sukari na kutoa asidi, nayo asidi huyeyusha madini ya gamba gumu la jino. Matokeo yake ni madoa meupe kandokando ya kifungo, ambayo huweza kuonekana hata kabla ya mwezi mmoja na nusu kupita. Siku nyaya zinapotolewa, meno yamenyooka sawasawa, lakini kila moja lina alama ya mahali kifungo kilipokuwa. Mengi ya madoa hayo hayafutiki kabisa.

Pili ni kwa fizi. Ukoga ukikaa penye mpaka wa jino na fizi, wale bakteria wasiopenda hewa, kama vile Prevotella intermedia na Porphyromonas gingivalis, huongezeka. Fizi huwaka na kuvimba. Uvimbe nao huunda mfuko mdogo ambamo bakteria wengine hujificha, na hali huzidi kuwa mbaya. Katika hatua hii ugonjwa bado waweza kuponywa kwa usafi. Ukiachwa hadi uufikie mfupa unaoshikilia jino, mfupa uliolika haurudi wenyewe.

Usidhani kwamba napinga nyaya. Meno yaliyopandana nayo huficha ukoga, na yapo mataya ambayo hayakutani vyema hata mtu hutafuna kwa taabu. Isitoshe, kwa wagonjwa wengi uvimbe wa fizi hupungua baada ya nyaya kutolewa na meno kusafishwa. Ninachopinga ni haraka. Kulisogeza jino katika fizi iliyo na ugonjwa ni kuuhatarisha mfupa wake. Kwa maoni yangu, hakuna mtoto anayestahili kufungwa nyaya hadi fizi zake ziache kutoka damu, na hadi aonyeshe mbele ya daktari kwamba ajua kuyasafisha meno yake. Daktari anayekwambia urudi baada ya wiki sita hakucheleweshi. Anakuokolea pesa.

Wapo watakaosema kwamba gharama ya nyaya tayari ni kubwa, na kuongeza ziara za kusafishwa meno ni kumwonea mzazi. Mimi naona kinyume. Usafi ni sehemu ya matibabu yenyewe. Kabla hujalipa hata shilingi, uliza kama kusafishwa meno kumo katika bei uliyotajiwa, na ni mara ngapi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kinywani ni ghali mno.

Nyumbani, kazi si ngumu ila yataka uvumilivu. Mtoto apige mswaki kila baada ya mlo, na hasa kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi. Aulaze mswaki kwenye mpaka wa fizi, kisha asugue juu ya waya na chini ya waya. Baina ya meno atumie brashi ndogo nyembamba, mfano wa ile ya kuoshea chupa. Soda na peremende za kila saa ziachwe, kwani kila kinywaji cha sukari huamsha asidi upya. Dawa kali za kusukutua zisitumiwe kwa muda mrefu bila ushauri wa daktari, kwa kuwa baadhi hutia meno rangi.

Iwapo mtoto alilelewa Nakuru au kwingineko katika Bonde la Ufa ambako maji yana floridi nyingi, huenda meno yake yana madoa tangu utotoni. Mwombe daktari ayapige picha kabla ya kufunga nyaya, ili madoa ya zamani yasichanganywe na mapya. Kwa kijana wa miaka 14 asiogope dawa ya meno yenye floridi, kwani meno yake yanayoonekana yalikwisha kuumbika.

Na kwa walio na watoto katika shule za bweni, msifunge nyaya wiki ya kufungua shule. Anzeni mwanzo wa likizo ndefu ili mtoto apate mazoea mkimwona. Mwambieni mwalimu wa bweni kwamba atahitaji maji na dakika tano baada ya chakula.

Mpwa wangu ilibidi atolewe waya kwa muda, asafishwe, na fizi zipone ndipo arudishiwe. Leo meno yake yamenyooka. Lakini mawili ya mbele yana madoa meupe, na kila anapopigwa picha hufunga midomo. Tulilipia tabasamu, nalo analificha.