Barabara Moja, Majina Mengi: Yaandikwe Yote

Tunaleta hapa neno ambalo wengine wataliona dogo. Ni neno la barabara. Siku hizi njia za Masisi na Walikale zinachorwa kwenye ramani za kompyuta na za simu. Tumesikia watu wenye masomo wakisema: barabara moja jina moja, ama iandikwe nambari tu, hayo mengine ni fujo ya wanakijiji. Sisi tunasema hapana, na sababu tunazo.

Tuanze Sake. Pale barabara inapanda milima, inafika Masisi-centre, inapita Nyabiondo, inaingia msituni mpaka Walikale. Karatasi za kazi zinaiandika RP 529. Lakini simama Sake uulize motari, atakujibu: "Papa, hii njo njia ya Masisi." Panda mpaka Masisi uulize barabara ile ile, utaambiwa ni njia ya Goma. Fika Nyabiondo, mama mwenye mzigo wa ndizi atakuonyesha upande mmoja njia ya Masisi, upande mwingine njia ya Walikale. Kati yao nani amekosea? Hakuna. Kwetu njia inaitwa kwa kule inakokupeleka.

Wala tusiambiwe kwamba huo ni ushamba. Mwaka 1956, katika nchi ya Banyanga huko Walikale, mzee Candi Rureke alisimulia habari ya Mwindo, na mwaka 1969 Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakaitoa kitabuni. Mule, mtoto anafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni, naye anafuata maji akimtafuta shangazi yake Iyangura. Njia yake haina nambari. Inajulikana kwa mtu anayengojewa kule mwisho. Hiyo ndiyo akili ya wazee wetu juu ya njia: ukijua unaenda kwa nani, umejua unapita wapi.

Sasa tazameni barabara kubwa, RN 3, inayotoka Bukavu, inapita Hombo na Walikale, inaelekea Lubutu na Kisangani. Hiyo Kisangani yenyewe iliitwa Stanleyville mpaka mwaka 1966. Basi aliyesema "njia ya Stanleyville" zamani na anayesema "njia ya Kisangani" leo wanasema jambo moja. Ukifika Hombo, mto unagawa mji: upande huu Hombo ya Kaskazini, teritwari ya Walikale, upande ule Hombo ya Kusini, teritwari ya Kalehe. Endelea mpaka Kilambo. Baada ya kasiterite kugunduliwa Bisie mwaka 2002, ndege zilikuwa zinashuka palepale kwenye lami ya RN 3 kubeba mawe hayo. Kipande kimoja cha njia kilikuwa barabara ya taifa na kiwanja cha ndege pamoja! Je, nambari peke yake inaweza kukusimulia hayo? Hata kidogo.

Lakini wako ndugu zetu wengine wanaovuta kamba upande wa pili. Wanasema nambari ni kitu cha serikali, itupwe, tubaki na majina ya babu. Nao tunawakatalia. Nambari iko na faida yake. Herufi RN zinasema hii ni barabara ya taifa, na Ofisi ya Barabara, Office des Routes, iliundwa mwaka 1971 kwa kazi hiyo. Tena iko FONER, mfuko wa matunzo ya barabara ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, unaopata pesa kwenye mafuta ya gari na pale tunapolipishwa njia. Kila lita tunayonunua tunachangia. Daraja likianguka, mtu wa kuandika barua ataandika nini? "Njia yetu imeharibika"? Kule Kinshasa nani ataijua "njia yetu"? Ataandika nambari, ili mwenye deni ajulikane. Nambari ni ya kudai haki. Jina ni la kufika. Tunataka vyote viwili.

Tena ramani hizo zina nafasi. Chukueni mfano wa OpenStreetMap, ramani huru iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia. Ndani yake barabara moja inapewa sehemu ya jina, sehemu ya jina lingine, sehemu ya jina la wenyeji, sehemu ya jina la zamani, na sehemu ya nambari, hata kama nambari ni mbili. Basi wanaosema nafasi hakuna, wasitudanganye. Nafasi iko. Kinachokosekana ni mtu wa kushuka kwenye kiti na kuuliza. Maana wachoraji wengi wanafuata picha zilizopigwa kutoka angani. Picha ya angani inaonyesha mstari, haionyeshi jina. Na msitu wa Walikale unaficha hata huo mstari.

Watatuambia: majina mengi yatachanganya mashofere. Kinyume chake! Shofere anachanganyikiwa akipewa jina ambalo hakuna mtu njiani anayelijua. Fikirini mama mjamzito anabebwa kwenye kipoyi kutoka kijijini, na gari la hospitali linatafuta pa kukutana naye. Wabebaji wanasema jina lao, shofere anasoma jina lingine. Saa zinaenda. Au mkumbuke Ebola iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini mwezi wa nane 2018 na kumalizika mwezi wa sita 2020. Mwaka 2019 ilifika mpaka Pinga. Kazi ya waganga ilikuwa kumuuliza mtu: ulipita wapi, ulikutana na nani? Mtu hajibu kwa nambari. Anajibu kwa jina la kwao.

Tunafika sasa penye mwiba. Masisi ni nchi ya Bahunde na watu wa lugha nyingine pia. Wako wasemao Kinyarwanda, wako Batembo, Banyanga, Banande na Batwa. Mlima mmoja au kijiji kimoja kinaweza kuwa na jina katika lugha mbili. Na wako watu wanaoingia kwenye ramani kufuta jina la jirani na kuacha la kwao tu, wakifikiri wameshinda. Wameshinda nini? Jina kwenye ramani si hati ya shamba. Tangu vita vya mwaka 1993 vilivyoanzia Ntoto, tumezika watu wa kutosha kwa ajili ya ardhi. Tusifungue vita vingine kwa kidole kwenye simu. Anayefuta jina la jirani leo, kesho na lake litafutwa.

Na ubaya mkubwa ni huu. Vita vya M23 vilivyorudi mwishoni mwa 2021 vimetoa watu makwao. Masisi-centre ilishikwa mwezi wa kwanza 2025; Walikale-centre iliingiliwa mwezi wa tatu, na wapiganaji wakatoka mwezi wa nne. Wako watoto waliozaliwa ukimbizini ambao kijiji chao wanakijua kwa mdomo wa bibi tu. Bibi anawaambia: mnapita njia fulani, mnavuka mto fulani. Bibi akifa na ramani imeandika nambari peke yake, mtoto yule ataulizia nini akirudi?

Basi tunaomba, na tunaomba kwa sauti. Wachoraji waje na wazee, wamama wa soko, wamotari na wasukuma chukudu, ndio wanaojua. Kila jina linalotumika liandikwe, katika kila lugha inayolitumia. Nambari iwekwe pembeni yake, sawa na ilivyo katika karatasi za serikali. Asifute mtu jina bila kuwauliza wanaolitamka. Na ninyi vijana, msingoje mgeni: kaeni na bibi jioni hii, muandike majina ya njia anazozijua, moja moja, kabla hajanyamaza.