Krona imo, birr ya Moyale je?

Hebu vijana, fungueni orodha ya Benki Kuu ya Kenya ya viwango vya pesa za kigeni. Krona ya Sweden imo. Ya Denmark pia. Faranga ya Burundi imo, na ni haki yao. Sasa tafuteni birr ya Ethiopia na shilingi ya Somalia, majirani zetu wa Moyale na Mandera. Hakuna! Mtasema noti nyingi za Somalia ni bandia. Sawa, na birr je? Mama mfanyabiashara akikataliwa benki anabadilisha mtaani, halafu eti anafadhili ugaidi. Baada ya shambulizi la Garissa, Aprili 2015, kampuni 13 za kutuma pesa zilifungiwa hadi Juni. Benki Kuu itujibu, kwa maandishi.