Nani Farasi Bora wa Zama Zote? Tuulize Kwanza Nani Ameshika Mizani

Mnamo Januari 2013, farasi aliyekuwa amekufa kwa zaidi ya miaka 13 alishindwa katika mbio ambazo hakukimbia. Jina lake ni Dancing Brave. Tangu mwaka 1986 alikuwa ndiye mwenye alama za juu kabisa, 141, katika orodha ya kimataifa ya viwango vya farasi wa mbio. Wapangaji wa orodha hiyo wakazipunguza hadi 138. Papo hapo Frankel, aliyestaafu miezi michache tu kabla akiwa na alama 140, akawa farasi bora kuliko wote tangu viwango hivyo vilipoanza kutolewa mwaka 1977.

Alama hizo ni makadirio ya uzito. Farasi mwenye alama 140 akikutana na mwenye 138, inakisiwa kwamba itabidi abebeshwe ratili mbili zaidi, yaani karibu kilo moja, ndipo wafike mwisho bega kwa bega. Tofauti ni ndogo mno, lakini ndiyo iliyoamua taji.

Simnyimi Frankel haki yake. Alikimbia mara 14 kati ya mwaka 2010 na 2012, akashinda zote 14. Dancing Brave alishinda 8 kati ya 10, na ushindi wake wa Paris mwaka 1986, alipotoka nyuma na kuwapita magwiji wa Ulaya, ungali ukisimuliwa. Wala hapa hapana ugomvi wa matajiri, kwa kuwa farasi wote wawili walikuwa mali ya mtu mmoja, Khalid Abdullah wa Saudi Arabia. Wapangaji walieleza kuwa alama za miaka ya mwanzo zilikuwa zimetolewa kwa ukarimu uliozidi. Huenda ni kweli. Swali langu ni hili: kwa nini kosa la miaka mingi lirekebishwe siku ileile anapopatikana mrithi anayelihitaji rekebisho hilo? Wahenga walisema, mla ni mla leo, mla jana kala nini?

Tazama vipimo vingine. Tukitumia saa, mshindi ni Secretariat wa Marekani, aliyekimbia maili moja na nusu huko Belmont mwaka 1973 kwa dakika 2 na sekunde 24, akamwacha wa pili kwa urefu wa farasi 31. Rekodi hiyo haijavunjwa. Lakini saa haijui kama njia ilikuwa ya udongo au ya majani, kavu au yenye tope. Tukihesabu kutoshindwa, yupo Eclipse wa Uingereza, aliyeshinda mara zote 18 mwaka 1769 na 1770, katika zama ambazo farasi waliweza kukimbizwa maili nne na kurudia siku hiyohiyo. Tukipima mzigo, Man o' War alishinda mwaka 1920 akiwa amebeba ratili 138, zaidi ya kilo 62. Katika mbio 21 alishindwa mara moja tu. Mwaka 1999 jopo la jarida la The Blood-Horse lilimweka wa kwanza katika karne ya 20 ya Marekani, na Secretariat wa pili.

Basi kila kipimo kina mfalme wake. Anayechagua kipimo amekwisha kumchagua mshindi, hata kama hakutaja jina. Ndiyo maana nasema mjadala huu hauwahusu farasi peke yao. Katika suala la Dancing Brave na Frankel, waliotoa alama za mpya ndio waliopunguza za mkongwe, na matangazo yote mawili yakatoka pamoja. Si lazima kuwepo hila ili tuone kasoro katika utaratibu wa namna hiyo.

Kurekebisha takwimu za zamani si dhambi. Kukataa kuzirekebisha zikiwa na makosa ndiyo dhambi. Ila kuna adabu yake. Kipimo kitangazwe kabla ya mshindi kujulikana. Alama ya zamani ibaki imeandikwa kando ya mpya, pamoja na sababu ya kubadilishwa. Na anayeipitia upya jana asiwe yuleyule anayetoa alama za leo.

Nikiulizwa farasi wangu, kwa siku moja isiyo na mfano nitamtaja Secretariat. Kwa kutotetereka tangu mwanzo hadi mwisho, Frankel, ingawa hakuwahi kukimbia nje ya Uingereza. Mwanafunzi anayesoma orodha ya vyuo bora, na mtumishi wa umma anayeandaa jedwali la kulinganisha awamu moja ya utawala na nyingine, wana wajibu huohuo wa kutaja kipimo kabla ya kutaja jina. Dancing Brave hakuweza kukata rufaa. Waliotutangulia katika madaraka na kazi, wengi wao nao wako kaburini, na hawana mtetezi ila kumbukumbu tutakazokubali kuziacha zisomeke.