Picha za Kuchorwa Si za Watoto Tu

Nataka kutoa maoni yangu juu ya sinema tuliyoonyeshwa muhula huu katika bwalo la chakula. Jina lake ni Yellow Fever, yaani Homa ya Manjano. Aliitengeneza Bi. Ng'endo Mukii wa Kenya mwaka 2012, alipokuwa akisoma katika Royal College of Art, London. Haifiki hata dakika 10, nayo imechanganya picha za kuchorwa na picha za watu wenyewe.

Mwalimu alipotaja picha za kuchorwa, wavulana kadhaa waliguna, wakasema hayo ni mambo ya chekechea. Ilipokwisha, wengine wakasema, "Hayo ni ya Nairobi, sisi wa Maretadu yatuhusu nini?" Mimi sikubaliani na hao wala hawa.

Homa inayosemwa si ile iletwayo na mbu. Ni ile tamaa ya kuwa na ngozi nyeupe. Nayo yaonyeshwa katika mambo ya kila siku ya mjini: saluni, msusi aliyejichubua kwa mkorogo, televisheni, mama na binti wakizungumza nyumbani. Mtoto mdogo wa ukoo wa mtengenezaji asema waziwazi kwamba angependa awe mweupe. Hakuna aliyemfundisha kwa fimbo. Ameona tu, akasadiki.

Kama mtoto huyo angaliletwa mbele yetu kwa sura yake, nadhani tungalimcheka. Lakini amechorwa, na kila msichana aliyekuwa bwaloni aliweza kujiona ndani yake. Tena wako wachezaji ngoma waliopigwa picha moja moja, kisha picha zikaunganishwa, hata miili yao yashtukashtuka kana kwamba yavutwa na mtu mwingine. Nilielewa bila ya kuelezwa.

Sasa niseme kweli, maana maoni yasiyo na kweli hayafai kuchapwa. Likizo iliyopita nilinunua kopo la krimu mnadani kwa fedha nilizopewa za madaftari. Nilijipaka mwezi mzima. Uso ukaanza kung'aa, lakini vifundo vya vidole vikabaki vile vile, kama vya mama yangu. Bibi akanishika mkono, akauliza, "Mjukuu wangu, uso huu ni wa nani?" Nikacheka. Usiku ule bwaloni sikucheka.

Wala si kwamba nilikuwa sijui. Serikali imekwisha kupiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Zebaki hudhuru figo. Dawa hizi huizuia ngozi isifanye rangi yake, na rangi hiyo ndiyo ngao yetu tunapopalilia maharage juani. Yote hayo nilikuwa nimeyasikia, na katika Biolojia sikosi alama nzuri. Lakini nilikuwa nikijibu maswali mchana na kujipaka usiku.

Mwenzangu mmoja alilalamika kwamba sinema haikutoa shauri lo lote mwishoni. Kwangu mimi hapo ndipo penye ubora wake. Mashauri tunayo mengi, na tumezoea kuitikia "ndiyo" huku mioyo imekwenda kwingine. Bi. Mukii hawakaripii wanawake wale. Ameketi nao saluni, akaonyesha wanavyoishi, akatuachia sisi kazi ya kujiuliza.

Basi wale walioguna nawaomba wafikiri tena. Krimu za mjini zafika mnadani kwetu kwa gari lile lile liletalo sabuni na chumvi. Kwa nini sinema ya mjini isitufae? Na wenzetu wenye kipaji cha kuchora nawaomba wachore maisha ya hapa: foleni ya ndoo bombani, punda wa maji, na wasichana wanaochagua makopo mnadani. Wasiwacheke. Mmoja wao alikuwa mimi.

Kopo lenyewe nimelitupa shimoni. Uso wangu waanza kurudi, nami naungojea.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne