Santuri Mpya Ikija, Tuulize Majina ya Wapigaji

Haupiti mwaka, msomaji mpenzi, ila hutangazwa kwamba bendi kubwa fulani ya jazi i karibu kutoa santuri mpya. Wapenzi wa muziki huo huanza kuhesabu siku, na sifa zikatangulia mbele kabla ya muziki wenyewe kusikika. Sina neno na kutaraji, kwani kutaraji ni nusu ya starehe. Walakini nauliza: twataraji nini hasa? Aghlabu tangazo hutaja jina moja tu, la mwenye bendi, na hao wengine wakawa kama viti vya ukumbini.

Bendi kubwa, kwa desturi ya wenyewe Wamarekani, ina watu kama 17: tarumbeta nne, tromboni nne, saksafoni tano, na wanne wa kushika mwendo, yaani piano, gitaa, besi na ngoma. Nyuma yao yuko mtu asiyeonekana jukwaani, naye ni mpangaji wa muziki. Huyu hushika kalamu akaamua kila chombo kiingie wapi na kinyamaze wapi. Kisha huacha nafasi tupu, mpigaji mmoja akainuka akasema lake papo hapo, bila ya kuandikiwa. Sisi watu wa mashairi jambo hili si geni kwetu. Mshairi naye amefungwa na vina na mizani, na ndani ya kifungo hicho ndimo uhodari wake unamoonekana.

Duke Ellington aliyajua haya vizuri. Katika karatasi za muziki wake aliandika majina ya watu, si majina ya vyombo tu, kwani alimtungia mtu anayemjua pumzi zake. Harry Carney, mpigaji wa saksafoni nzito, aliingia bendi hiyo mwaka 1927 na akabaki humo mpaka Ellington alipofariki mwaka 1974. Ukimwondoa Carney, sauti ya bendi si ile tena. Basi asemaye kwamba santuri ni ya Ellington amesema kweli, ila kweli yenyewe hajaimaliza.

Sasa natoa mfano unaotugusa sisi. Mnamo Novemba 1960, mjini New York, mpiga piano Randy Weston alikusanya bendi kubwa akarekodi santuri aliyoiita Uhuru Afrika. Mwaka huo nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, lakini Tanganyika ilikuwa bado inangoja Desemba 1961, na Kenya Desemba 1963. Naam, neno "uhuru" lilipigiwa tarumbeta ng'ambo ya bahari kabla ya sisi kupandisha bendera. Sehemu ya kwanza inaitwa Uhuru Kwanza, na ya mwisho Kucheza Blues. Shairi lilitungwa na Langston Hughes, na maneno ya Kiswahili yakasomwa na Tuntemeke Sanga, mwana wa Tanganyika. Mpangaji wa muziki alikuwa mwanamke, Melba Liston, mpiga tromboni asiyekuwa na wengi wa kulingana naye. Serikali ya ubaguzi ya Afrika Kusini ilipoipata habari ya santuri hiyo iliipiga marufuku mwaka 1964. Mtu hapigi marufuku kitu kisichomwuma.

Tazama tena orodha ya wapigaji. Yumo Yusef Lateef, Mwislamu aliyekwenda kuhiji, ambaye baadaye alikataa kupiga katika vilabu vinavyouza pombe, na hata neno lenyewe "jazi" hakulipenda. Yumo Sahib Shihab, aliyezaliwa Edmund Gregory na akasilimu mwaka 1947. Yumo Gigi Gryce, ambaye baadaye aliliacha jukwaa akasomesha watoto katika shule za Bronx, kwa jina lake la Kiislamu la Basheer Qusim.

Najua wako miongoni mwetu wanaosema kuwa jazi ni muziki wa walevi na hautuhusu ndewe wala sikio. Hukumu ya ngoma na vinanda nawaachia masheikh, ambao wenyewe wamehitalifiana tangu zamani. Langu ni kusema kwamba mwenye kudai hautuhusu hakuyasoma majina. Lau jalada lingetaja la Weston peke yake, tungejuaje kwamba Kiswahili chetu kilikuwamo, na ndugu zetu katika imani walikuwamo?

Tuliokaa chuoni mbele ya mwalimu twajua uzito wa majina. Habari hupokewa kwa kutazama nani kaipokea kwa nani. Na watunzi wetu wa kale walikuwa na desturi ya kutia jina katika beti za kutamatia, ili kazi isipotee na mwenyewe. Silinganishi elimu ya dini na muziki, hasha. Nasema tu kwamba mila ya kumtambua mwenye kazi tunayo, wala hatuhitaji kuazima.

Basi hapa ndipo penye shida. Zamani jalada la santuri lilikuwa na mgongo mpana, na nyuma yake mlichapwa majina yote. Siku hizi muziki wasikizwa kwa simu. Pana picha ndogo kama stempu na jina moja, basi. Na kwetu pwani mambo hayakuwa bora. Kanda ngapi za taarabu zimeuzwa na jina la mwimbaji tu? Mpiga fidla, mpiga kodiani, mpiga dumbaki, na hata mtunzi wa maneno yenyewe, wote wamezikwa pamoja na jasho lao. Dini yatuhimiza ujira wa mtenda kazi usicheleweshwe. Jina nalo ni sehemu ya ujira, na asiye na jina hata haki yake ya fedha hawezi kuidai.

Kwa hivyo, santuri mpya ya bendi kubwa itakapotangazwa, iwe ya New York au ya Unguja, tusiulize tu itatoka lini. Tuulize nani kaipanga, nani yuko kwenye tarumbeta ya kwanza, nani kashika ngoma. Watoaji wa muziki waandike majina yote, hata mahali pawe padogo. Watangazaji wa redio wayasome. Nusu dakika haitawapotezea kitu. Na vijana wetu wenye vikundi vya taarabu waanze leo, kwa daftari na kalamu: tarehe, mahali, wimbo, mtunzi, na kila aliyeshika chombo. Sifa tutaitoa tukishasikia, ila majina tuyapate kwanza.